Mguu Wenye Njaa

Nyote mmeniuliza swali moja, wengine kwa simu, mmoja kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Walimkata?" Nitajibu, ila kwa mpangilio wangu, kwa sababu jibu bila njia tuliyopita halitawasaidia kitu.

Kutoka kwetu Mwello hadi Busia ya Kenya si mbali. Mwenye gari lake na barabara kavu anaamka, anakwenda, anakula chakula cha mchana huko na kurudi. Sisi ilituchukua siku nne, maana tulisafiri kwa kipimo cha mguu mmoja wa nyanya yangu, na mguu huo ulikuwa unajua hatua arobaini na tatu tu. Namba hiyo sikuibuni. Nilisomea takwimu chuo kikuu, sina kazi bado, na nikikosa cha kufanya nahesabu.

Kwa wasiomjua: Nyanya ni mama mzazi wa baba yangu, anaitwa Nyaketcho, mkulima wa wimbi, yaani ulezi. Tangu mwaka jana alikuwa akienda shambani anasimama njiani, anatazama mashamba ya watu, anaendelea, anasimama tena. Tulidhani ni umbea. Kumbe alikuwa anangoja shavu la mguu wa kulia liache kuuma, na alikuwa akiona haya kusema. Halafu jembe likamkwaruza kidole gumba cha mguu huohuo. Kidonda kikakataa kufunga, wiki baada ya wiki, na mguu ukawa baridi kama umetoka mtoni.

Kila mtu alikuwa na maelezo. Shangazi alisema ni baridi yabisi. Jirani alisema Nyanya amekanyaga kitu kilichotegwa njiani. Nikauliza: kitu gani, kimetegwa na nani, nani alikiona? Nikaambiwa shule imeniharibu. Nyanya mwenyewe alisema kwa lugha yetu, Kidhopadhola, "Mguu wangu una njaa." Nilitabasamu. Niliona ni maneno ya wazee, ya kupendeza kuyasikia, hayana kazi hospitalini.

Alikubali kwenda kwa sharti moja. Mzee Obbo wa jirani aliondoka nyumbani na kidonda cha kidole, akarudi hana mguu, na wimbi la msimu huo halikumkuta hai. "Nitakwenda," Nyanya akasema, "lakini nitarudi na mguu wangu. Sema."

"Utarudi nao," nikasema.

Mnanijua. Mimi ndiye ninayedai ushahidi hata mtu akiniambia mvua inakuja. Na niliapa hivyo, mikono mitupu.

Mwello hadi Tororo: barabara iliyokataa

Tulipanda bodaboda, Nyanya katikati na mimi nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulipofika bondeni dereva alizima pikipiki, akaangalia matope kama mtu anayesoma barua mbaya.

"Jajja," akamwambia Nyanya, "hapa barabara imekataa. Wewe nashuka kidogo, mimi navusha pikipiki, halafu nakuja chukua wewe huko mbele."

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Hatua arobaini na tatu, Nyanya akasimama. Hakushika mguu wala hakulalamika. Alisimama tu, midomo ikicheza. Nikamuuliza anasema nini.

"Baba Yetu. Nikisali mara mbili, mguu unaachia."

Na kweli, mara mbili, akaanza tena. Arobaini na moja. Baba Yetu mbili. Arobaini na tatu. Nilistaajabu jinsi ilivyokuwa sawasawa. Maumivu niliyoyajua mimi huja yanapotaka. Haya yalikuwa kama karani, yanafungua na kufunga kwa saa.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia mihogo akainuka. "Nyaketcho, leo tena? Unaangalia nini kwangu?"

"Naangalia mihogo yako. Umeipanda kama mtu aliyefumba macho."

"Heri mimi nimepanda, wewe kazi yako kukagua!"

Walicheka wote wawili, na kufikia mwisho wa kicheko Nyanya alikuwa amepata pumziko lake bila mtu kujua. Nikaelewa ule umbea wa mwaka mzima ulikuwa umetengenezwa na nini.

Dereva alitungoja ng'ambo ya matope, suruali imekunjwa. Alimtazama Nyanya akija kwa vituo, akaniinamia sikioni, lakini si kwa sauti ndogo: "Huyu alikanyaga."

"Nimekanyaga nchi hii kabla baba yako hajazaliwa," Nyanya akamjibu. "Sijakanyaga nini?"

Tororo: vidole viwili

Zahanati tuliyoelekezwa ni ndogo, na tabibu wake ni mwanamke wa makamo anayesema polepole. Kabla ya kuuliza lolote alisema, "Vua viatu vyote viwili."

Nataka mlione jambo hili. Sehemu mbili tulizokwenda awali walikagua kidole chenye kidonda, wakakisafisha, wakatoa vidonge. Hakuna aliyeomba kuona mguu wa pili. Yeye aliiweka miguu yote miwili juu ya kiti, akaweka vidole viwili juu ya mgongo wa mguu wa kushoto kutafuta mapigo ya damu, akatulia.

"Hapa kuna mtu," akasema.

Akahamia wa kulia. Akafumba macho. Akasogeza vidole kidogo, akangoja, akasogeza tena. Akagusa nyuma ya kifundo, nyuma ya goti, mwisho kwenye kinena.

"Juu huku yupo. Huku chini hakuna mtu."

Alimlaza, akauinua mguu ule, nao ukapauka ukawa rangi ya posho, ule ugali wa mahindi. Akamketisha miguu ikining'inia, ukawa mwekundu kuliko mwenzake. Akapima sukari, haikuwa na neno. Kisha akanieleza: mshipa wa damu umeziba, damu haifiki chini inavyotakiwa, na kidonda bila damu hakiponi hata ukipakwa nini. Akatukataza kuukanda kwa maji ya moto wala kuuotesha moto, maana mguu wenye damu kidogo hausikii vizuri. Utaungua na mwenyewe hajui.

"Anavuta sigara?"

"Hapana," nikajibu mara moja. Nyanya alikuwa anahangaika na kiatu.

Akaandika barua. Kuna daktari wa mishipa kutoka Kisumu, alisema, ambaye kila Jumatano huja kwenye kliniki moja Busia, upande wa Kenya, na kifaa cha kusikiliza damu ikipita. "Kama mnaweza, msingoje wiki nyingine." Nilikuwa na maswali kumi na moja. Alijibu tisa, akasema mawili yaliyobaki nikamwulize huyo.

Tulilala kwa shangazi yangu anayekaa Rubongi, karibu na hapo. Alitupikia ugali wa wimbi na samaki mkavu kwa mchuzi wa karanga, na Nyanya akala vizuri kwa mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Mimi sikula kwa utulivu. Nilikuwa na simu mkononi, natafuta: mishipa ya miguu, tiba.

Tororo hadi Busia: soksi

Simu ilinijibu haraka, na kwa Kiswahili. Mishipa ya miguu ina shida? Vaa soksi za kubana, hasa safarini. Palikuwa na picha ya mama mmoja mzungu akitabasamu, mguu juu ya mto. Kwa nini tabibu hakutaja jambo rahisi hivyo? Nikahitimisha kwamba hajasoma karibuni. Asubuhi nikaingia duka la dawa.

"Kuna soksi za mshipa?"

"Ipo," akasema muuzaji, akaivuta kwa mikono miwili kunionyesha. "Hii nabana sana. Ndiyo nzuri."

Nilimvisha Nyanya mwenyewe, nikipita taratibu penye bandeji, kutoka nyuma ya vidole, kwa kuwa ilikuwa wazi mbele, hadi chini ya goti. Ilihitaji nguvu. Nilijisikia nimefanya kazi.

Gari lilikuwa Probox, na dereva alikataa kuondoka mpaka lijae, na lilipojaa akasema halijajaa. Kisha tukasimama nyuma ya malori tusijue yanangoja nini. Nyanya alikaa dirishani.

"Othieno. Umeuziba mdomo mguu wangu."

"Ni dawa hiyo, Nyanya. Inasukuma damu."

"Inaisukuma wapi?"

Swali zuri kabisa. Kama lingeulizwa na mtu mwingine yeyote, ningelichukua kwa uzito. Nilimtafsiria ukurasa wa simu. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akageukia dirisha.

Tuliposhuka Busia nilihesabu: thelathini na moja. Safari ya pili, ishirini na sita. Nikalaumu jua.

Kati ya mageti mawili

Karatasi za mpakani nawarukia. Kilichobaki ni ule mwendo kati ya geti la Uganda na geti la Kenya, ambao kwenu ni kupumua mara chache, na kwa Nyanya ulikuwa safari ndani ya safari. Alikuwa amesimama mara ya tatu, midomo ikisali, watu wakimpita na magunia, ndipo kengele ikalia nyuma yetu.

Mnaijua ile baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ambayo watu wasioweza kutembea hubebea mizigo kuvuka mpaka. Mwenye hii alikuwa mwanamume mwenye mabega kama mlango, mguu mmoja umeishia juu ya goti. Nyuma yake kulikuwa na trei za mayai.

"Mama mkubwa, panda. Mayai yatakupisha."

"Nitayavunja."

"Ukivunja, tunakula. Kwani iko shida?"

Alisema jina lake ni Wandera, Msamia wa hapohapo. Nyanya alikaa, trei mbili mapajani, mimi nikisukuma nyuma. Hatukuwa tumekwenda hata kidogo, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mguu yako, nazaliwa hivyo ama walikata?"

Nilitaka ardhi inimeze. Wandera hakugeuka.

"Lori. Halafu walikata."

"Nauma?"

"Huu uliopo hauna neno. Ule haupo ndio nawasha."

"Sasa nakuna aje?"

"Nakuna huu mwenzake. Ule nadanganyika, naacha."

Nyanya akacheka hadi mayai yakagongana. Nilimwona akiangalia pale suruali ya Wandera ilipofungwa kwa kamba, akaangalia soksi niliyomvisha, akanigeukia.

"Ulisema nitarudi nao," akaniambia kwa lugha yetu.

Nikasukuma.

Busia ya Kenya: foleni ya wanaume

Ilikuwa Jumanne, lakini nilitaka kuijua kliniki mapema. Nikamwuliza mtu wa kwanza aliko daktari wa mshipa. Akanitazama juu mpaka chini, akanipa pole, akanielekeza. Wa pili naye akanipa pole. Niliona upande huu watu wana utu sana.

Tukafika hospitali. Muuguzi wa mapokezi akauliza jina. Nikatoa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama pale. Tatizo? "Mshipa." Akaandika, akanielekeza kwenye benchi la nje. Nyanya alikaa kivulini upande wa pili, mguu amenyoosha.

Benchi lilikuwa na wanaume watupu, wameketi kwa kupanuka. Mzee aliyekuwa kando yangu akaniegemea.

"Wako uko upande gani, kijana?"

"Wa kulia."

"Hata wangu. Ulikuwa unabeba magunia?"

"Hapana, ni jembe tu lilianzisha."

"Jembe nalo ni baya. Umeshuka mpaka wapi?"

"Mpaka kidole gumba."

Mzee akainama kuangalia kiatu changu. "Kidole gumba cha mguu?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu!"

Benchi zima likageuka kunitazama. Mmoja akavua kofia. Kabla sijauliza, jina langu likaitwa, nikaingia, na mwanamume aliyevaa glavu akaniambia bila kuinua macho, "Vua suruali, lala hapo."

"Mgonjwa si mimi."

"Wote husema hivyo. Usione haya, mshipa ni ugonjwa kama mwingine."

"Mgonjwa ni nyanya yangu!"

Hapo akainua macho. "Nyanya yako ana mshipa?"

Ilibidi aketi chini kwanza, acheke, ndipo anieleze. Mshipa ukiutaja peke yake, bila kuuongezea kitu, watu wanasikia ule wa wanaume, wa utumbo au maji kushuka hadi kwenye mapumbu. Benchi lile lote lilikuwa la mshipa huo, na lilikuwa likiamini wangu umevunja rekodi.

"Sema mshipa wa damu," akaniambia, akifuta macho. "Na useme ni upi. Kuna unaopeleka na unaorudisha. Kiswahili kimeiita yote mshipa, lakini si kitu kimoja." Akanionyesha kliniki ilipo, nyuma ya soko. Daktari angefika kesho.

Nilipomsimulia Nyanya, alicheka mpaka akajifunika uso kwa mshipi wa gomesi yake, lile gauni refu la kwetu. "Mpaka kidole gumba!" alirudia, njia nzima, na tulipopata chakula alimsimulia mwenye hoteli, kwa ishara. Nilikuwa nimefurahi kumwona hivyo. Basi, maneno yale ya mwisho, unaopeleka na unaorudisha, yalinipita. Mimi ninayeuliza kila kitu sikuuliza soksi yangu ni ya upi. Hata nikamwambia alale nayo.

Alilala nayo. Hakutaka, lakini mimi ndiye niliyesoma.

Asubuhi nikaona kidole gumba, kando ya bandeji, kimekuwa rangi ya biringanya, nikamwahisha kliniki soksi ikiwa bado mguuni.

Chumba cha daktari

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, Mjaluo, bado hajamaliza chai yake. Aliona mguu, akaweka kikombe chini, akachukua mkasi. Hakuivua soksi. Aliikata kutoka juu mpaka chini kama mtu anayepasua samaki.

"Nani alimvisha?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Hilo ni swali langu. Nimewauliza watu swali hilo maisha yangu yote, walimu, mapadre, ninyi. Sikuwahi kujua lina uzito gani upande wa pili.

"Nilisoma ni ya mishipa," nikasema.

"Ya mishipa inayorudisha damu juu. Ile ikilegea, unaibana kuisaidia. Huyu wake ni ule unaoleta. Umekuwa mwembamba ndani, damu inapenya kwa shida, na wewe ukaukaba koo." Hakuongeza sauti. Ingekuwa heri angeongeza.

Tukangoja. Mguu ulikuwa na mistari ya soksi, na kidole bado biringanya. Daktari aliunyoosha ukining'inia, akaweka kitambaa cha pamba juu yake, akaangalia saa. Nyanya alikuwa hatazami mguu. Alikuwa ananitazama mimi, na nawaambia kweli, hakukuwa na hasira katika macho yake, alikuwa ananihurumia. Nilisali. Sijui kwa nani, msiniulize. Nilifika Baba Yetu ya sita ndipo rangi ikaanza kurudi, kwanza pembeni mwa kucha.

"Haya," daktari akasema, akatoa pumzi. "Mwambie anieleze mwenyewe."

Nyanya akaeleza kwa Kidhopadhola, nami nikatafsiri: "Anasema anapata maumivu ya mara kwa mara kwenye misuli ya—"

"Ngoja." Daktari akainua mkono. "Mimi ni mtu wa ziwa, na lugha zetu ni ndugu. Si kila neno lenu nalisikia, lakini hili nimelisikia. Amesema mguu una njaa. Kwa nini umemnyang'anya neno lake?"

Nikatazama vipande vya soksi sakafuni.

"Neno lake ndilo ugonjwa wenyewe. Mguu unakula damu. Ukikaa, unatosheka na kidogo. Ukitembea, unataka nyingi, haiji, unalia. Ukisimama, unapata kidogo tena, unanyamaza. Anasimama baada ya mwendo gani?"

"Hatua arobaini na tatu," nikasema. "Anapumzika Baba Yetu mbili. Akiwa na soksi, ishirini na sita."

Kwa mara ya kwanza alinitazama kama mtu mwenye faida. "Ulihesabu? Vizuri. Hiyo naiandika."

Kuanzia hapo walizungumza wao wawili, yeye kwa Kijaluo chake, Nyanya kwa chetu, wakikutana katikati, nami nikasogea kwenye kona. Daktari alimfunga Nyanya mkanda wa kupimia presha mkononi, kisha akaufunga juu ya kifundo cha mguu. Nyanya akaniuliza kama Kenya presha inapimwa miguuni. Daktari akapaka mafuta mazito, akagusisha kifaa kidogo kama kalamu, na chumba kikajaa sauti. Mkononi ilikuwa inapiga: fwu! fwu! fwu! kama mtu anayetwanga. Mguu wa kushoto, vilevile, chini kidogo. Kwenye mguu wa kulia kulikuwa na mkwaruzo tu wa mbali, kama mtu anayefagia ua wa jirani.

"Lakini yupo," daktari akasema. "Mwembamba, ila yupo. Presha ya mguu huu ni kama nusu ya ile ya mkono." Kisha, "Mama, unavuta sigara?"

"Hapana," tukasema sote wawili, kila mtu kwa lugha yake.

Daktari akatabasamu kidogo. "Fungua mdomo." Akamulika tochi juu, kwenye kaakaa. "Mama. Moto unaingia ndani?"

Nyanya akatazama dari.

"Nyanya yangu alifanya hivyohivyo," daktari akaendelea. "Anaweka ncha yenye moto ndani, anafunga mdomo, anapalilia. Hata moshi huoni. Ukimwuliza anavuta, anakwambia hapana, wanaovuta ni wanaume."

"Kidogo," Nyanya akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu mimba ya baba yake huyu."

Marafiki zangu, nilipokuwa mdogo ni mimi niliyekuwa nikimletea kaa la moto kutoka jikoni. Niliona kila siku. Na watu wawili waliponiuliza, nilisema hapana bila kupepesa jicho, na sikudanganya. Sikuwahi tu kukiita sigara. Kilikuwa kitu cha Nyanya tu, kama gomesi yake.

Daktari alimweleza bila kumgombeza: tumbaku ndiyo inayoukaza mshipa, na dawa zote anazompa, kidonge cha kulainisha damu na kingine cha kuzuia mafuta yasizidi kuganda ndani ya mshipa, zitakuwa zinamwaga maji kwenye gunia kama moto utaendelea. Kidonda kisafishwe kila siku, kiatu kisiguse kidole. Na atembee.

"Atembee?" nikauliza. Tulikuwa tumemkalisha miezi.

"Atembee mpaka mguu uanze kuuma, asimame, atembee tena. Kila siku. Mguu wenye njaa ukiuzoesha kutafuta, damu hujifungulia vijia vya pembeni. Wiki sita aje. Kidonda kikikataa, au kidole kikiwa cheusi, au mguu ukiuma hata akiwa amelala, msingoje wiki sita. Njooni Kisumu, kuna namna ya kuingiza puto dogo ndani ya mshipa tukaupanua."

Nyanya akauliza swali lake. Alilisema kwa Kiswahili, ili pasiwe na mkalimani. "Nakata?"

Daktari akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Leo sikati. Kesho siwezi kuapa, mama. Nikikuapia nitakuwa nakudanganya."

Nilidhani Nyanya atavunjika. Badala yake aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeuziwa kitu kwa mizani ya kweli.

Kurudi

Tulivuka siku ya Alhamisi. Wandera alikuwa kwenye geti la Kenya, trei zake tupu, akapiga kengele. Nyanya akamkatalia.

"Leo natembea. Daktari amesema."

"Basi nakusindikiza."

Hivyo tukavuka watatu, Nyanya mbele kwa kiatu kilichokatwa ncha, Wandera akizungusha mikono polepole kando yake, mimi nyuma nikihesabu. Thelathini na tisa. Baba Yetu mbili. Arobaini na moja. Watu walitupita wakilaani. Kwenye kituo cha tatu Nyanya aliingiza mkono kwenye mshipi wa gomesi, akatoa kifurushi kidogo cha sigara kilichofungwa kwa plastiki, akampa Wandera.

"Mama mkubwa, mimi sivuti."

"Basi wewe natupa. Mkono yangu hajui njia ya kutupa."

Wandera alikitia chini ya trei, akatuaga, akageuza baiskeli kurudi kwenye geti la Kenya. Nyanya alikitazama kikiondoka mpaka watu wakakiziba. Arobaini na nne.

Basi: hawakumkata. Hilo ndilo jibu mlilotaka. Lakini wiki ya tano ndiyo hii, na sitawapamba. Kidonda kimepungua, sasa kinatoshana na punje ya haragwe. Mara mbili nimenusa tumbaku nyuma ya jiko, na mara zote mbili Nyanya alisema ni jirani. Kila asubuhi na jioni anatoka kutembea, na akiulizwa anakwenda wapi anajibu anakwenda kulisha mguu. Majirani wamezoea. Hatua sitini na nane, jana.

Jana hiyohiyo, kabla hajatoka, nilimwomba akae, nikaweka vidole viwili juu ya mgongo wa mguu wake wa kulia kama nilivyomwona tabibu wa Tororo. Nikafumba macho. Nikangoja Baba Yetu mbili nzima.

"Kuna mtu?" akauliza.

"Sijui, Nyanya," nikasema.

Akauvuta mguu wake, akauingiza katika kiatu, akasimama. "Basi twende tumpelekee chakula," akasema, akashika njia ya kisimani.